Mzee Anayejipigia Hodi

…kwa masikio yangu haya mawili, jamani! Saa kumi mchana, jua linawaka! Sauti ya kiume: "Hodi!" Sauti ya kike ikaitika: "Karibu, Baba Innocent."

Na Mama Innocent tulimzika mwaka jana!

Haya, nianze vizuri. Mimi naitwa Zawadi. Nimemaliza chuo juzi tu, niko kwetu Ufukoni. Jirani yetu ni Mzee Dickson, kwao Njombe. Aliendesha winchi bandarini hadi akastaafu. Mkewe amefariki, mwanawe Innocent yuko Dodoma. Anaishi peke yake.

Ile sauti mtaa mzima ulishaisikia. Watu wakaacha kupita mlangoni kwake. Hata muuza samaki anavuka upande wa pili.

"Usithubutu kwenda," mama aliniambia, akitwanga kisamvu. "Yule anaishi na maiti."

"Mama, jamani!"

"Dirisha halifunguliwi. Na mwenyewe kakonda, suruali kaifunga kwa kamba."

Hapo nikashtuka. Kukonda kule si mambo ya mizimu. Nikamfuata Dada Hawa, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Tukaenda wote. Mama akatufuata na mchi mkononi, eti anatulinda!

Tukajibanza uani kwake. Mlango ukafunguka taratibu. Mzee akatoka, akaufunga. Akasimama akiutazama mlango wake kama mgeni. Akagonga.

"Hodi."

Kimya.

Kisha akabana koo. Midomo ni yake, tuliiona! Lakini sauti ni ya marehemu kabisa.

"Karibu, Baba Innocent."

Mama akaniminya mkono, nusura nipige kelele.

Dada Hawa hakukimbia. Akasogea. "Shikamoo, baba."

Mzee akageuka. "Marahaba. Mmenisikia?"

"Tumekusikia."

"Miezi mitano hakuna mtu aliyeniambia karibu. Nikaona nijiambie mwenyewe." Akaushika mlango. "Ila siku ya kwanza sikujijibu mimi. Nilipiga hodi kwa mazoea tu. Akaniitika yeye. Kutoka ndani."

Mchi wa mama ukaanguka, puu!

"Hilo huwatokea wengi waliofiwa, baba," Dada Hawa alisema. "Wanasikia sauti, hata harufu ya nguo. Si wazimu, wala si jini. Kinachonitisha mimi ni kingine. Leo umekula nini?"

"Chai."

"Na dawa za presha?"

"Nimeacha. Nani ataniuliza kama nimemeza?"

Dada Hawa akatugeukia sisi. "Upweke unaumiza mwili. Mtu halali, hali, anaacha dawa. Na nyinyi mnamkimbia!"

Mama akainama. "Sasa tufanyeje, mwanangu?"

"Atembelewe kila siku, saa ileile, asikae anabahatisha. Ale na watu. Innocent apige simu. Na apewe kazi, asigeuzwe mgeni. Nawe baba, usingoje kuitwa. Ukikosa usingizi siku nyingi, tuambie. Ukiona heri ufe, njoo zahanati siku hiyohiyo."

"Hiyo ya mwisho," mzee alisema polepole, "nimeshaiona."

Hatukungoja kesho. Mama ndiye aliyembebea kadi ya kliniki, akatembea ubavuni mwake hadi zahanati, mtaa mzima ukitazama.

Sasa ni mwezi wa pili tangu siku ile. Asubuhi namuuliza dawa, ananijibu, "Nimemeza, afande!" Presha imeshuka. Usingizi anaupata. Innocent anapiga simu kila jioni. Mchana mzee anakula kwetu, na nazi anakuna yeye.

"Watu wa Njombe mmezoea viazi, nazi mtaijulia wapi!" mama anamtania.

"Ndiyo maana nakulisheni machicha!"

Halafu sikieni hii! Kuna Bi Rukia, upande wa pili wa barabara. Anaishi peke yake. Watu wanasema anawatilia chai watu wasioonekana, vikombe vinne, na vyote vinaisha. Dada Hawa alitaka kwenda leo. Mzee Dickson akachukua kofia yake.

"Huyo niachie mimi," alisema. "Nataka kujua wenzake ni akina nani."

Ameingia sasa hivi, nimeuona mlango ukifungwa. Nami naingia nyuma yake. Kesho mkinikuta kisimani, nishikeni kanga niwamalizie kisa hiki.