Jino Alilolificha Kui

Gikonyo ni mfugaji. Anaishi nje kidogo ya mji wa Kitale na mkewe Kabura na binti yao Kui. Kui ana miaka sita. Kila asubuhi Gikonyo alikama ng'ombe, naye Kabura alipika chai na kumsaidia Kui kupiga mswaki.

Mwezi wa nne, dada yake Kabura alijifungua mapacha huko Bungoma. Hakuwa na mtu wa kumsaidia. Kabura akafunga mizigo.

"Utaweza na mtoto?" alimwuliza mumewe.

"Ikiwa naweza na ng'ombe, nitashindwa na Kui?" Gikonyo alicheka.

Asubuhi iliyofuata alimpa Kui mswaki.

"Sitaki," Kui alisema. "Dawa ya meno inachoma. Na mama hunisaidia."

"Wewe ni msichana mkubwa, bana. Harakisha, utachelewa shule."

Kui aliulowesha mswaki kwa maji, akauweka chini. Gikonyo aliona mswaki umelowa, akaridhika.

Jioni zilikuwa ngumu zaidi. Kui alimlilia mama yake, na Gikonyo hakujua la kufanya. Basi kila alipotoka kupeleka maziwa, alirudi na biskuti au peremende mfukoni. Kui alikula, akanyamaza, akalala na utamu mdomoni.

Siku moja Gikonyo aligundua kwamba mswaki ulikuwa mkavu. Alikasirika.

"Usipopiga mswaki nitakupeleka kwa daktari wa meno!" alisema. "Atachukua koleo, akung'oe yote. Unasikia?"

Kui alisikia. Siku hiyo alipiga mswaki huku akilia. Gikonyo akafikiri amepata njia. Akawa anasema hivyo kila siku.

Kwa hiyo jino la Kui lilipoanza kuuma, hakumwambia mtu. Alitafuna upande mmoja. Githeri yake ya mahindi na maharagwe alimpa mbwa. Mama yake alipopiga simu kutoka Bungoma, Kui alisema, "Niko sawa," kisha akakimbilia nje.

Asubuhi moja Kui hakuamka kwenda shule. Gikonyo aliingia chumbani akamkuta amejifunika blanketi. Shavu lake lilikuwa limefura. Mwili ulikuwa moto.

"Kui, ni jino?"

Kui aliufunika mdomo wake kwa mikono miwili. "Usinipeleke kwa daktari, baba. Nitapiga mswaki. Nitapiga sasa hivi."

 Gikonyo alitoka mbio hadi kwa jirani yao, Chelangat. Chelangat ni afisa wa meno katika kliniki moja mjini. Alikuwa anafunga geti aende kazini.

"Baba Kui, mbona unakimbia?"

"Ni mtoto. Shavu limefura, na ana homa."

Chelangat alikuja, akachuchumaa kando ya kitanda. Hakumwambia Kui afungue mdomo.

"Sasa, Kui. Linauma ukitafuna, ama hata ukitulia?"

"Hata nikitulia," Kui alinong'ona.

"Pole sana. Umevumilia peke yako."

Walipotoka nje, Chelangat alimwambia Gikonyo, "Hii si ya kungoja. Shavu likifura na mtoto awe na homa, kuna usaha. Unaweza kuenea. Twende sasa."

"Lakini si ni meno ya utotoni tu? Si yatang'oka yenyewe?"

"Watu wengi hufikiri hivyo. Jino la utotoni likioza huuma kama la mtu mzima. Tena ndilo hulishikia jino la ukubwani nafasi. Likitoka mapema mno, mengine husogea, na la ukubwani huota limepinda."

Mlangoni mwa kliniki Kui alikataa kuingia. "Watayang'oa yote na koleo," alilia.

Gikonyo alijua maneno hayo yametoka wapi. Alipiga magoti mbele ya mtoto wake.

"Kui, nilisema uongo. Hakuna mtu atayang'oa yote. Ni mimi ninayeogopa daktari wa meno. Nilipokuwa mdogo niling'olewa jino bila sindano ya ganzi. Mpaka leo sijarudi."

Kui alimwangalia. "Wewe unaogopa?"

"Sana."

Kui alimpa mkono. Wakaingia pamoja.

Chelangat alimpa Kui kioo kidogo ajione meno yake. Waliona jino lenye shimo jeusi. Kisha Chelangat alimwonyesha jingine, nyuma kabisa.

"Hili ni jipya. Halikungoja jino lolote ling'oke. Wazazi wengi hudhani ni la utotoni, lakini hili ni lako la maisha. Ndilo tutakalolilinda."

Kabla ya kumdunga sindano ya ganzi alisema, "Utasikia kama umefinywa. Ukitaka nisimame, inua mkono."

Kui aliinua mkono. Chelangat alisimama kweli, akangoja. Baada ya hapo Kui alimwamini. Jino bovu lilitoka, na usaha ukatoka pia. Chelangat alimpa dawa za kumeza, akamwambia Gikonyo amrudishe upesi kama uvimbe hautapungua.

"Nitafanya nini apige mswaki bila vita?" Gikonyo aliuliza.

"Wewe unapiga saa ngapi?"

"Asubuhi. Nikikumbuka."

"Sasa ataiga nani?" Chelangat alitabasamu. "Pigeni pamoja, asubuhi na kabla ya kulala. Aanze yeye, wewe umalizie, maana mkono wake haujaweza kusafisha nyuma vizuri. Msaidie hadi afike kama miaka minane. Tumia dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya njegere. Akimaliza ateme tu. Asisukutue kwa maji mengi. Na usimtishe tena. Mtoto akiogopa, anaficha."

"Na peremende?"

"Akilia jioni anamtaka mama yake. Mpigie simu waongee. Kitu kitamu ale mara mojamoja, pamoja na chakula. Akishapiga mswaki usiku, ni maji tu."

Njiani waliingia dukani. Kui alichagua mswaki wa zambarau na dawa ya watoto isiyochoma. Akamchagulia baba yake mswaki wa kijani.

Jioni hiyo walisimama uani pamoja. Gikonyo alipofikia meno ya nyuma, Kui alianza kufunga mdomo.

"Ngoja," baba yake alisema. "Huyu wa nyuma anaitwa nani?"

Kui alifikiri. "Waridi," alisema. Ni jina la ng'ombe wao mmoja.

"Basi Waridi hajaoga. Fungua nimwogeshe."

Kui alicheka, povu likamtoka. Tangu siku hiyo kila jino la nyuma lilikuwa na jina, na Kui hakukubali hata mmoja alale bila kuoga.

Kabura aliporudi kutoka Bungoma, aliwakuta uani. Kui alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimpigisha baba yake mswaki.

"Fungua zaidi, baba," alikuwa akisema. Kisha akamwona mama yake, akamrukia. "Mama! Baba ana shimo. Nimeliona."

"Linakuuma?" Kabura alimwuliza mumewe.

"Kidogo tu. Ni la siku nyingi."

"Baba!" Kui alisema. "Kumbe na wewe unaficha?"

Wiki hiyo walienda kliniki wote watatu. Chelangat alimwangalia Kui kwanza. Pengo lilikuwa limepona vizuri, jino jipya lilikuwa safi, na hakukuwa na shimo jingine. Kisha Gikonyo akakaa kwenye kiti, na Kui akasimama kando yake. Kabura aliwangojea nje.

Jino la Gikonyo halikung'olewa. Lilizibwa tu, kwa kuwa shimo halikuwa limefika mbali. Alitoka akiwa na ganzi upande mmoja wa mdomo, hawezi kusema vizuri.

"Ilikuwaje?" Kabura aliuliza.

Kui alimjibia. "Hakulia, mama. Alinifinya mkono tu."