Taulo ya Nyongeza

Uzi wa pamba ukiungua hunuka karatasi. Bi Pamba alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, maana alikuwa amefua na kukagua taulo za hoteli kwa miaka tisa. Kwa hiyo alipochomoa uzi kwenye taulo ya sita na kuuwasha kwa kiberiti, alisita. Uzi ule ulinuka nywele.

"Kuna nini?" aliuliza mama mkwe wake, aliyekaa kitini uani, magoti yake mabovu ameyanyoosha juani.

"Hakuna kitu, mama. Labda wamechanganya sufu."

"Wewe na taulo zako! Wenzako huchunguza wachumba hivyo." Mama mkwe ndiye aliyembandika jina la Bi Pamba, siku mkwe huyo alipozifanya taulo zote za nailoni za mle ndani kuwa matambara ya kupigia deki, akisema zinayasukuma maji huku na huko bila kuyanywa.

Taulo tano alizichagua mwenyewe sokoni, akizidondoshea tone la maji aone kama zinanyonya. Ya sita, nyeupe na nzito, muuzaji alimtupia tu. "Chukua nyongeza," alisema, wala hakumtazama usoni. Na nani hukataa cha bure?

Alizifua zote kwa maji ya vuguvugu na siki kidogo, bila dawa ya kulainisha, kwa kuwa hiyo huziba nyuzi. Akazikung'uta, akazianika. Ilipofika saa saba mchana, tano zilikuwa kavu. Ya sita ilikuwa bado inadondoka. Kesho yake pia ilidondoka. Siku ya tatu, jua likiwa la kupasua kichwa, matone yake yalikuwa mekundu hafifu, kama maji yaliyosuuziwa nyama, na nzi walikuwa wamejaa chini ya kamba.

"Inachuja rangi, mama. Nitairoweka kwenye chumvi."

"Nyeupe inachuja rangi gani, mwanangu?"

Bi Pamba aliianua kambani. Akaizamisha kwenye ndoo.

Saa kumi mumewe, fundi wa kupaka rangi, alirudi kazini akaingia kuoga. Bi Pamba alipopita uani aliona ndoo ina maji matupu. Kabla hajaita, kishindo kikasikika bafuni, kisha kingine, kisha mkoromo wa mtu anayekosa pumzi. Alisukuma mlango akamkuta mumewe sakafuni, taulo imemfunika kichwa chote na ncha zake mbili zinajisokota zenyewe shingoni mwake, polepole, kama mikono ya mfuaji aliyezoea kazi yake, na kila zilipojisokota maji mekundu yalitiririka kifuani mwa yule bwana aliyekuwa akipiga miguu ukutani mpaka kucha zikang'oka.

Alivuta kwa mikono, akavuta kwa meno. Mdomo ukamjaa ladha ya damu. Ndipo mama mkwe akafika, akishikilia kuta, akaitia vidole ile taulo na kuipasua kutoka kwenye uso wa mwanawe kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua anayo.

Mwana akavuta pumzi. Mama akasimama wima, magoti yamenyooka, taulo imemzonga mkono wa kushoto hadi begani.

"Mama?" mwanawe aliita kwa kunong'ona.

"Mama yupo," sauti nzito ikajibu. "Nimemkalia."

Akamrukia mwanawe. Alimng'ata bega mpaka nyama ikatoka, akamkamata Bi Pamba nywele na kumbamiza kwenye sinki, meno mawili ya mbele yakadondoka. Waliponyoka kwa kutambaa, wakafunga mlango kwa nje, na huku ndani bibi wa miaka sabini akiugonga kwa kichwa chake mwenyewe, taratibu, bila kupumzika.

Mume akakimbia na damu yake hadi kwa mganga wa mtaani, mwanamke aliyeshona magodoro mchana na kutibu watu wakimwita. Alikuja na kamba. Wakamlaza mgonjwa watu watatu, wakamfunga.

"Wewe nani?" mganga aliuliza.

"Walinitumia kufuta damu ya mtu aliyechinjwa. Nikainywa, nikaiona tamu. Sikauki mpaka nishibe."

Mganga akamvuta Bi Pamba pembeni. "Jini hili hukaa penye unyevu. Likikosa tone, halina pa kushika. Taulo lazima ikamuliwe palepale ilipo. Lakini nisikufiche: utakavyoisokota, na mkono wake utasokoteka."

"Nitaikamua mimi," mume akasema. Aliishika, akasokota mara moja. Mama yake akalia kwa sauti yake halisi, "Mwanangu, unaniua!" Akaiachia taulo. Alikaa chini akajifunika uso.

Bi Pamba akapiga magoti. Alisokota. Damu ikamwagika sakafuni. "Mkwe wangu, nimekukosea nini?" Alisokota tena, akilia kamasi na damu, na kadiri sauti ile ilivyomsihi kwa majina yote ya upendo ambayo mama mkwe aliwahi kumwita, ndivyo alivyozidi kuikaza mikono iliyokamua maelfu ya taulo, mpaka mfupa wa kiwiko ukaalika kama kuni, mpaka wa bega ukafuata, mpaka tone la mwisho likaning'inia, likakataa kuanguka, likaanguka.

Kitu kikapiga yowe, kikapita dirishani na kioo chake. Taulo ikabaki kavu, ngumu kama ngozi ya mbuzi. Mganga akaichoma hapohapo mpaka ikawa majivu.

Mama mkwe alipona, lakini mkono wa kushoto haukunyooka tena. Wiki tatu baadaye, Bi Pamba akimwogesha uani, mama mkwe alimkazia macho.

"Ulipokuwa unakamua, ulijua ni mimi ninayelia?"

Bi Pamba aliacha kumwagia maji. "Nilijua, mama."

"Na hukuacha."

"Sikuacha."

Mama mkwe akainua uso, maji yakimchuruzika.

"Vizuri," alisema. "Mwanangu asingeweza. Haya, nifute uso."

Bi Pamba akamfuta kwa kiganja chake.