Kidole cha Jiko la Mtaa

Haba na haba huchimba kaburi. Wa kale walisema hujaza kibaba, lakini wa kale hawakulishwa na mashine.

Katika jiji la Rungwe Mpya kila mtaa ulikuwa na jiko lake, na kila jiko lilikuwa na Kidole: mkono mwembamba wa chuma wenye ncha mbili za mpira. Kilizama ndani ya sufuria kubwa kuliko pipa, kikaibuka na harage moja, kikalibana taratibu, kama mama anavyolibana kwa vidole ajue kama limeiva. Likibonyea, moto ulizimwa papo hapo. Wahandisi walikaa na wapishi wa Tukuyu msimu mzima wakiiga mbano ule, na walijisifu kwamba hakuna umeme unaopotea bure.

Harage lenyewe liliitwa Shibe, na aliyeliumba ni Daktari Subilaga. Maharage ya shambani, alipenda kueleza, ni kama mbwa wa nyumbani: vizazi vya wakulima viliyachagua yawe makubwa, laini na matamu, mpaka yakasahau kung'ata. Jamaa zao wa mwituni, waliotolewa milima ya Amerika na kutunzwa katika ghala baridi la mbegu, ni wadogo, wagumu, wachungu, lakini wamejaa protini. Sehemu ya protini hiyo ni silaha. Mdudu akiila, utumbo wake unachubuka, anakufa. Mtu hadhuriki, mradi sufuria ichemke kwa nguvu nusu saa, kwa maana moto huivunja silaha ile ikawa chakula.

Subilaga aliyachanganya hayo mawili. Kisha Baraza la Lishe likamwomba jambo moja zaidi, kwa kuwa umeme ulikuwa wa kugombea: harage liive upesi. Akaliongezea ulaini. Sasa lilibonyea kabla kikombe cha chai hakijapoa.

Siku aliyokwenda kwa wifi yake Tumpale, alikwenda na ujumbe wa Baraza. Tumpale, mke wa kaka yake, alikuwa amemzika binti yake mdogo, Sekela. Kesho yake aliingia jiko la mtaa na mchi wa kinu, akakiponda Kidole mpaka kikawa chuma chakavu. Mtaa mzima ulilala njaa. Baraza likaamua: aombe radhi hadharani, la sivyo nyumba yake ifutwe katika orodha ya wanaolishwa na jiko. Na nje ya majiko hapakuwa na chakula kingine.

"Karibu mkekani, wifi," Tumpale alisema. "Leo umekuja kwa miguu yako. Nilidhani mtatuma mashine itoe pole."

"Usinianze, wifi. Nami nimefiwa."

"Nikuanze nini, na wewe ndiye unayetulisha?"

Wanawake waliokaa matanga wakaangalia pembeni. Subilaga akashusha sauti. "Neno moja tu. Sema 'nisameheni', mambo yaishe. Una watoto wawili bado."

"Ule kwanza. Kwenye msiba haondoki mtu na tumbo tupu."

Sahani ikaletwa, maharage yaliyochotwa jiko la mtaa wa pili. Subilaga alikuwa akila samaki wa mabwawa ya maabara, kama wataalamu wote. Shibe aliionja mara ya mwisho siku ya uzinduzi, sufuria ikiwa imechemka mbele ya macho yake. Alichukua kijiko. Harage likameguka lenyewe.

"Sekela alikuwa anakula?" aliuliza, ilimradi aulize kitu.

"Kula? Alikuwa anamaliza sahani anaomba nyingine. Anakula, anaharisha, anakonda. Shingo ikawa kama bua la mtama. Zahanati wakaniambia simlishi mtoto." Tumpale alicheka bila kufungua kinywa. "Mimi, wifi. Nisimlishe mwanangu."

Kijiko kikasimama hewani. Subilaga aliuona utumbo wa Sekela kama alivyowahi kuuona wa wadudu chini ya hadubini, umechubuliwa kidogo leo, kidogo kesho, chakula kikipita ndani yake kama maji kwenye kichujio. Katika maelekezo ya upishi aliandika nusu saa. Kisha akalifanya harage libonyee upesi, wala hakuuliza Kidole kitaijuaje nusu saa. Kilifundishwa kubana tu. Mtoto alikufa njaa tumbo limejaa.

Katika nchi ile, kukataa chakula cha msiba ni kumwambia mfiwa kwamba ni mchawi. Wanawake walikuwa wakimtazama sasa. Subilaga alijaribu kukipeleka kijiko mdomoni. Akakirudisha sahanini kikiwa kimejaa.

Tumpale alikitazama kijiko, kisha akamtazama usoni.

"Kumbe," alisema.

Jioni mtaa ulikusanyika mbele ya jiko. Subilaga alisimama kwanza, akasema yote: silaha ya mwituni, ulaini, moto unaozimwa mapema. Mwisho akasema, "Nisameheni."

Mwenyekiti wa Baraza, Gwamaka, hakushtuka, na hilo ndilo lililowatisha watu.

"Tumelisikia hilo tangu masika," alisema kwa upole. "Umeme wa kuchemsha nusu saa hatuna. Mbegu nyingine itachukua mwaka. Tukifunga majiko tunakufa wote, tukiyaacha wanakufa wachache, na ni wale dhaifu. Tungekuwa na njia ya tatu tungeifuata." Akamgeukia Tumpale. "Daktari ameomba radhi, ni jambo la kiungwana. Nawe tuombe radhi kwa mali ya jiji, mama, mambo yaishe. Nyuma yangu Kidole kipya kimeshafungwa. Sema neno moja, watoto wako wale usiku huu."

"Wale nini?" Tumpale aliuliza.

Ndani ya jiko sufuria ilitokota kidogo, ikanyamaza.

Subilaga alimshika mkono. "Wifi, nakusihi. Aliyekosa ni mimi, si wewe. Lakini sema tu."

Tumpale aliutoa mkono ule kwenye wake, bila hasira, kama mtu anayetoa unyasi kwenye kanga. Akawaita watoto wake wawili, wakasimama upande huu na upande huu.

"Nifuteni," alisema. "Siombi radhi."