Mteja wa Mikono Mirefu

Wabunifu wale hawakuwa wakisalimiana, sembuse kuonyeshana kazi. Kila mmoja alikuwa na kona yake ukumbini, na kila mmoja alimwangalia jirani kwa jicho la mtu anayelinda kuku wake. Basi ilikuwaje magauni yao yote yawe na mikono mirefu sawasawa, inayopita magoti?

Aliyejiuliza hivyo ni msichana wa mwaka wa mwisho wa chuo cha ubunifu wa mavazi. Wenzake walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa mdomo wake. Mwalimu alikuwa amewatuma kwenye kongamano hilo wakawasikilize wabunifu, waitazame mitindo ya mwaka, kisha waandike walichojifunza. Sindano hakuandika neno. Alivua futi ya kupimia shingoni, akatazama huku na huku, akapima mkono wa gauni la kona ya kwanza, akaenda la pili, hivyo hivyo mpaka la mwisho. Kipimo kilikuwa kilekile. Mabega yaleyale membamba, shingo ileile ndefu, utadhani mafundi wote wamemshonea mteja mmoja. Na magauni yote yalinuka kitambaa kilichoungua, ingawa pasi hakuiona popote.

Kilichomtia baridi ni gauni lake mwenyewe. Wiki iliyotangulia, akipiga pasi nyumbani, wazo la kurefusha mikono lilimjia tu, na harufu hiyohiyo ikajaa chumbani. Alijipongeza kwa kuwahi mtindo kabla haujafika mjini. Sasa alitambua kwamba wazo lile halikuwa lake. Na gauni lilikuwa mwilini mwa dada yake, nyuma ya jukwaa.

Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Alikuwa muuzaji kwenye duka la mikate, na siku hiyo aliomba ruhusa ili amvalie mdogo wake gauni mbele ya Bingwa. Bingwa alikuwa mbunifu ambaye ukishataja umefanya naye kazi, hakuna mlango unaofungwa, na alikuwa ameahidi kumchukua kwenye karakana yake mwanafunzi mmoja kati ya watakaoonyesha kazi siku hiyo. Sindano aliitamani nafasi hiyo mpaka akakosa usingizi. Dada naye alikuwa na mikono mifupi, na huo ulikuwa utani wa nyumbani usiochuja: akitaka sukari ya rafu ya juu, sharti aite mtu.

Sindano alimkuta amekaa kitini peke yake. Wanamitindo wengine walikuwa wamejitenga naye bila kujua kwa nini. Akijikaza asimtishe, Sindano alisema pindo linahitaji pini kidogo. Dada, bila kuinuka, alinyoosha mkono akateremsha kopo la pini kutoka juu ya kabati.

Wote wawili walilitazama lile kopo.

"Vua," Sindano alinong'ona.

"Nimejaribu. Zipu haishuki." Dada alisema kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Kuna mkono humu ndani, mdogo wangu. Umeshika wangu. Unavuta."

Hapohapo muziki ulianza, na dada akainuka, si kwa kutaka kwake bali kama nguo inavyonyanyuliwa kwenye henga, mabega yakitangulia na miguu ikifuata, akalipita pazia kwa madaha ambayo hakuwa nayo tangu azaliwe, huku vidole vyake, vilivyokuwa vimepotelea ndani ya mikono ya gauni asubuhi ile, sasa vikichungulia kwenye ncha za mikono hiyo, chini ya magoti, vimepauka, na watu ukumbini wakipiga makofi kwa sababu hawajapata kuona gauni lililomkaa mtu vizuri namna ile.

Bingwa, mstari wa mbele, hakupiga makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Sindano alijua kwamba akipanda jukwaani, karakana ya Bingwa ataisikia kwenye bomba. Alichukua mkasi akapanda.

"Kata," dada alisema, midomo haitikisiki.

"Nikikukata wewe je?"

"Vile vidole vya chini si vyangu. Sivihisi kabisa. Kata."

Kipimo cha mkono wa dada Sindano alikijua kuliko siku yake ya kuzaliwa. Mkono wa kulia wa gauni aliukata pale vidole vyake halisi vilipopaswa kuishia, na mkasi ulipita kwa shida, ukikwaruza kitu kigumu kuliko kitambaa. Alipohamia kushoto, kitu kile kilijivuta, mkasi ukateleza, ukakata juu ya kiwiko, kwa mshazari. Vipande viwili vitupu vilianguka jukwaani. Hapo magauni yote yaliyotundikwa kwenye zile kona yalilia kwa sauti moja, henga zikagongana, kisha kimya. Dada alikaa chini akatazama mikono yake mifupi, mizima, akalia.

Bingwa aliwafuata nyuma ya pazia.

"Unajua umemkata nani?" aliuliza polepole.

"Simjui."

"Mimi namshonea tangu ujana wangu. Jina hili ni yeye aliyenipa. Hajawahi kuguswa na mtu."

Akaondoka, na nafasi ya karakana ikaondoka naye.

Mwaka ulizunguka. Sindano akawa anashona sare za shule chumbani kwake, na hakujuta, maana kila asubuhi dada alimwita amteremshie sukari. Jioni moja dada alirudi kutoka kazini akamwonyesha kwenye simu picha za kongamano la mwaka huu. Mikono mirefu ilikuwa imepitwa na wakati. Kila gauni, la kila mbunifu, lilikuwa na mkono wa kulia mfupi kidogo, na wa kushoto umekatwa juu ya kiwiko, kwa mshazari, ukingo wake umetiwa rangi ya damu iliyokauka.

Na ubavuni mwa kila gauni palikuwa na mfuko mmoja, mwembamba, mrefu. Chini ya picha, mwandishi wa habari alikuwa amemuuliza Bingwa ni wa nini. Bingwa alijibu kwamba mteja ndiye aliyeutaka.

"Umeacha pasi inaunguza nguo?" dada aliuliza, akinusa.

Pasi ilikuwa baridi tangu asubuhi. Sindano alitupa jicho mezani, pale alipokuwa ameweka mkasi wake muda si mrefu. Haukuwepo.