Bwawa la Nyuma ya Matete

Kila siku baada ya shule, Damiani aliweka madaftari nyumbani, akamega ugali uliobaki, kisha akatimua mbio hadi mtoni. Huko ndiko watoto wote wa kijiji cha Kitomanga walikohamia. Zilikuwa siku za ruksa, biashara huria imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, na sasa kampuni moja ya Dar es Salaam ilitaka kuufanya mto uwanja wa michezo, watu washindane kushuka na mitumbwi myembamba penye maji ya kasi. Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi. Nani atalipa nauli aje kutikiswa na maji?

Mama Restuta, mhandisi wa mradi, hakujali vicheko. Aliyapanga mawe mtoni kama mtu apangaye mafiga, akawatuma watoto watupe vifuu vya nazi ili aone mkondo unavyokwenda. Kifuu kikikwama, jiwe lilisogezwa. Damiani alikuwa hodari wa kazi hiyo, hata mhandisi akamwahidi kwamba yeye na rafiki yake Musa wangepanda mtumbwi wa kwanza siku ya majaribio, Jumamosi. Damiani alikosa usingizi kwa furaha.

Ijumaa mhandisi aliwaita watoto upande wa chini wa mto, mbele ya yale mawe, nyuma ya matete, mahali maji yalipotulia. Wote walizoea kuoga hapo.

"Hapa nitachimba bwawa la wadogo kujifunzia kupiga kasia," alisema. "Lakini kwanza, kuna yeyote kati yenu anayekojoa damu? Mwenye shida hiyo haingii majini mpaka atibiwe."

 Tangu mvua zikome, mkojo wa Damiani ulikuwa ukiishia na damu na maumivu makali. Musa alimwambia ni dalili ya utu uzima, maana hata kaka yake ilimtokea baada ya jando. Damiani akatembea kifua mbele wiki nzima, mjinga wa watu!

"Hakuna, mama," Musa alidakia, huku akimkanyaga Damiani mguu.

"Vizuri. Jumatatu vibarua wanaanza kuchimba."

Njiani Musa alimnong'oneza, "Ukisema, kesho tunabaki watazamaji. Huo ni uanaume tu, bwana."

"Kama ni uanaume, mbona unauma?"

Musa akaongeza mwendo kuelekea kwao.

Nyumbani, Damiani alimkuta mdogo wake Angela, nguo zimelowa chapachapa kwa maji ya mto. "Kaka, bwawa likichimbwa na mimi nitajifunza!" alisema akirukaruka. Damiani alimtazama, akaona aibu kubwa. Akageuka, akarudi mtoni mbio kwa mhandisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Nilinyamaza pale, mama. Mimi nakojoa damu." Machozi yakamtoka. "Na naoga hapo hapo kwenye matete."

Mama Restuta hakumgombeza. Aliahirisha majaribio, na kesho yake akamleta Nesi Mwahija wa zahanati awapime watoto wote. Wengi walikutwa na kichocho, na Musa ndiye aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote. Walimeza vidonge vikubwa, vichungu, huku wakikunja nyuso.

Mhandisi alifuta bwawa lile kwenye ramani yake. Bwawa la wadogo sasa lingejengwa mbali na mto, sakafu ya saruji, maji ya kisima. Matete yangefyekwa, na vyoo vingejengwa kabla ya jambo lingine lolote.

Wiki kadhaa baadaye Nesi Mwahija aliupima tena mkojo wa Damiani, akatabasamu. "Umepona, mwanangu." Damiani alishusha pumzi ndefu. Alijisikia mwepesi kama aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Nilidhani ni ukubwa," alisema kwa haya.

"Wengi hudhani hivyo," nesi alijibu. "Kumbe wadudu wa kichocho hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia, kisha hupenya kwenye ngozi. Nasi tukikojoa mtoni, tunawazalisha upya. Ukiona damu, sema mapema, hata kama kusema kutakunyima kitu unachokipenda. Wewe ulisema, na watoto wote wa hapa waliougua wamepata dawa."

Nje, Angela alikuwa akimngojea, miguu mikavu, amekumbatia kasia lililomzidi urefu.