Tone Lililogoma Kuzama

Tone la kwanza la damu ya Erick lilipogoma kuzama, Khamisi wa maabara alidhani maji yake ya buluu yamechuja. Tone likizama, mtu ana damu ya kutosha, anatolewa chupa moja; likielea, anarudishwa nyumbani akale mboga na maharage. Ndivyo walivyopima katika hospitali moja ya Dodoma mwaka tisini na nne, na anayebisha aje nimfundishe.

Lakini Erick kuelea! Tumbo limemtangulia, shingo kama gogo, dalali wa mahindi wa Kibaigwa aliyenenepa ghafla tangu biashara iwe huria, mpaka akawa haitikii salamu za watu waliomjua akitembea peku. Na siku hiyo mkewe Anjelina alikuwa wodini, kajifungua jana, damu haikati. Ndugu wawili wa Erick walishakataliwa: Matonya kaja ananuka pombe, Meshack bado ana homa ya malaria. Walibaki Erick na shemeji yake Anyesi, mdogo wake Anjelina, msichana mwembamba.

"Pima tena, dokta!" Erick alifoka. "Damu ninayo debe zima. Kama ni kukataa, kataa hiki kijiti."

"Kijiti kinasubiri zamu yake, shemeji," alisema Anyesi.

Khamisi akachukua sindano. "Umechanjwa chale miezi hii?"

"Mimi? Mtu wa kanisani?"

Muongo huyo! Wiki tatu tu nyuma mganga alimchanja chale saba kifuani, akampa jini la mali na sharti moja: damu hii sasa ina mwenyewe, usimgawie mtu. Yeye akaona jini nalo litapunjika kama wakulima anaowapimia kwa debe alilolibonda ubavuni likatanuka. Akapaka poda kifuani, akafunga vifungo, akaja.

Tone la pili likaelea. Kisha likasogea lenyewe hadi ukingoni, likapanda kioo taratibu kama konokono, likavuka mdomo wa glasi, likashuka mezani na kuanza kutambaa kurudi kwenye kidole lilikotoka, na wakati huohuo harufu ya ubani uliochanganyika na kutu ikajaa chumba saa nne hiyo ya asubuhi, madirisha yote wazi, na chini ya shati la Erick ikasikika sauti ya kunyonya, cwu, cwu, cwu, kama mtoto mwenye njaa aliyepata ziwa.

"Mnasikia?" alinong'ona Anyesi.

"Fungua shati," Khamisi naye akanong'ona, mgongo wake ukutani.

Chale saba zilikuwa mbichi, zikifumba na kufumbua pamoja.

"Linaninywa," Erick alisema kwa sauti ndogo. "Dokta, nisaidie. Nitoe chupa hiyo umtie Anjelina. Labda litahamia kwake, mimi liniache."

 Kule kunyonya kukasimama kidogo, nadhani jini lenyewe lilimwonea kinyaa.

"Toka," alisema Anyesi. "Toka kabla sijakuchanja chale ya nane."

Erick akatoka mbio, shati mkononi. Tone la Anyesi likazama kama risasi. Chupa yake ikaingia kwa Anjelina, na kufikia jioni damu ikakata, midomo ikarudia rangi yake. Anyesi akamhadithia dada yake kila neno.

Siku ya nne Anjelina akatoka na mtoto mchanga kifuani, Anyesi kabeba kanga na beseni, wanakwenda kwa mama yao Hombolo. Erick alikuwa langoni, suruali inamvuka, mashavu yamebonyea.

"Mama watoto, unaniachaje? Nitaishi na nani mimi?"

Anjelina alimtazama kama mtu anavyotazama matapishi njiani, akayakwepa, akaenda zake.

Erick akabaki kasimama. Ndipo ndani ya shati, kwa sauti nyororo ya mtoto aliyeshiba, akajibiwa:

"Na mimi, baba."