Konstebo Mdebwedo Apunguziwa Umri

Kila siku Joyness akirudi shule alikuwa na kazi tatu: kuosha vyombo, kuchota maji bombani na kumsomea babu yake katuni. Hiyo ya tatu majirani wa mtaa wa Malambo, mjini Bariadi, hawakuihesabu kuwa kazi. Laiti wangejaribu! Babu Mboje alikuwa msikilizaji mkali kuliko mwalimu wa zamu.

"Mwadila, guku," Joyness alimsalimia babu kwa Kisukuma, kisha akavuta kigoda na kufungua kitabu.

Vitabu vyenyewe vilikaa ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda. Ujanani babu alikuwa dereva wa lori la pamba. Kila alipopeleka marobota Mwanza alirudi na kitabu cha katuni za Konstebo Mdebwedo, askari mnene ambaye suruali humvuka kila anapomkimbiza mwizi, hata wezi wenyewe humsubiri kwanza aipandishe. Madereva wenzake walinunua redio na baiskeli. Yeye alinunua Mdebwedo, na toleo likimfurahisha sana alinunua nakala mbili, moja ya kusoma na moja ya kutunza. Marehemu bibi alikuwa akisema kwamba Usukumani kote watu wanafuga ng'ombe, mume wake anafuga askari.

Tatizo lilikuwa macho. Miaka ya karibuni herufi zilianza kumchezea babu. Alisema zinatembea kama sisimizi. Daktari wa macho alimpima akasema dawa yake ni miwani tu, ila ya kipimo chake ingetengenezwa Mwanza. Babu aliposikia bei aliaga kwa adabu akarudi nyumbani. Tangu hapo akawa mtu wa kusomewa.

Kuna siku Joyness alichoka akaruka kurasa, ili awahi kucheza rede.

"Rudi nyuma," babu alisema, macho ameyafumba. "Mbuzi yuko wapi?"

"Mbuzi gani, guku?"

"Mbuzi anayekula kofia ya Mdebwedo. Huwezi kufika kituoni kabla mbuzi hajala kofia."

Joyness alimrudia mbuzi huku amenuna. Walipendana sana hawa wawili, lakini kusomewa si sawa na kusoma. Siku moja Joyness aliingia ghafla akamkuta babu amekigandamiza kitabu puani, anahangaika kuiona picha ya suruali inayovuka. Alipomwona mjukuu wake alikishusha haraka akasema alikuwa anakinusa tu. Joyness aliumia moyoni, akatamani ile miwani ipatikane hata kesho.

Mama yake, Specioza, alikuwa na duka la madaftari na kalamu karibu na stendi. Yeye ndiye aliyepiga picha za majalada machache kwa simu na kuzituma kwenye kundi la wauza vitabu. Jioni ile ile akajibiwa na Bwana Anatoli wa Mwanza, mtu anayekusanya vitabu vya katuni vya zamani. Alisema angepita Bariadi Jumamosi, na vikimpendeza angenunua.

Babu alilipapasa sanduku lake la bati. Kumuuza Mdebwedo! Mwishowe akasema, "Vile vyenye pacha, auzwe pacha mmoja, mwingine abaki na mimi. Joyness, utavitenga wewe na utamwonyesha mgeni wewe. Macho yangu ni wewe."

Joyness alijiona mkubwa. Alivitenga vizuri, akavifuta vumbi, akavipanga juu ya meza. Mpaka hapo mambo yalikwenda sawa. Ijumaa akaja Mjomba Maige.

Mjomba Maige alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani. Sauti yake ilisikika kabla hajafika mlangoni, na ushauri wake ulitolewa kabla hajaulizwa. Siku hiyo alikaa na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akamtazama mpwa wake akipanga vitabu.

"Wewe unajua kuuza?" aliuliza.

"Sijui, mjomba."

"Basi nisikilize mimi. Sokoni, adui wa kwanza ni umri. Nikipewa ng'ombe mzee nimuuze, nasemaje? Nasema huyu ni mtamba, hajazaa hata mara moja!"

"Na kama amezaa?"

"Nasema hivyo hivyo, hata kama ndama wake watatu wamesimama hapo wanatuangalia. Nani atatoa hela yake anunue uzee?"

Alimaliza michembe akaondoka. Joyness aligeuza kitabu cha kwanza. Nyuma, chini kabisa, palichapwa mwaka: 1978. Akageuza cha pili: 1978. Vitabu hivi vilimzidi umri hata mama! Huyo mgeni wa Mwanza si angecheka na kupanda basi arudi kwao?

Hapo ndipo alipomwita rafiki yake Goodness, waliyekaa naye dawati moja, msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko darasa zima la sita. Goodness alikitazama kitabu akainamisha kichwa upande mmoja.

"Hii saba ukiifunga hapa juu inakuwa tisa," alisema. "Sabini na nane inakuwa tisini na nane. Lakini huo si uongo?"

"Tunakipunguzia umri tu. Hata watu wazima wanapunguza wa kwao."

"Na babu yako akijua?"

"Babu haoni," Joyness alijibu.

Neno lilimtoka kirahisi, na lilipokwisha kutoka halikumpendeza hata yeye mwenyewe. Lakini Goodness alikuwa ameshafungua kalamu nyeusi. Walifanya kazi nyuma ya jiko, ulimi nje kwa umakini, na kila Mdebwedo aliyekuwa wa kuuzwa akawa kijana kwa miaka ishirini.

Jumamosi Bwana Anatoli alifika, mtu mwembamba mwenye begi kubwa. Aliwaamkia wakubwa, akanywa chai nusu kikombe, kisha akavaa glavu nyeupe. Mjomba Maige, aliyekuja kushuhudia biashara, alimnong'oneza dada yake akiuliza kama mgeni amekuja kununua vitabu au kumpasua mtu.

"Mzee," Bwana Anatoli alimwambia babu, "bei za vitu hivi zina vituko vyake. Tazama." Akatoa vitabu viwili kutoka kwenye begi. "Hiki ni kisafi, kinang'aa, lakini vilichapwa vingi mno. Hakizidi bei ya soda. Hiki kingine kimefifia, ila mchapaji alikosea, akamtoa Mdebwedo akiwa na mikono miwili ya kushoto. Walisimamisha mitambo wakarekebisha. Vilivyotoka na kosa ni vichache, kwa hiyo kimoja ni bei ya mbuzi."

"Chenye kosa ndicho ghali?" Mjomba Maige aliruka.

"Ndicho ghali."

"Mimi juzi nimeuza ng'ombe wa pembe moja kwa hasara," mjomba alisema kwa uchungu, na mama akamwomba anyamaze.

Joyness alileta vitabu. Bwana Anatoli alichukua cha kwanza kwa vidole viwili, akatabasamu kuona jalada, akakigeuza. Tabasamu likafa. Akachukua cha pili, kisha cha tatu.

"Tisini na nane," alisema. "Tisini na nane tena. Kwenye picha nilidhani ni vya zamani. Vya miaka hiyo ninavyo kabati zima. Basi, kwa kuwa nimeshafika, nitatoa bei ya soda kwa kila kimoja."

Bei ya soda! Miwani isingepatikana hata kioo kimoja. Babu aliinamisha kichwa, mikono yake mikubwa ya udereva ikatulia juu ya magoti.

"Kwani vya zamani ndivyo vyenye bei?" Joyness aliuliza.

"Ndiyo, binti. Kikitunzwa vizuri, kadiri kinavyozeeka ndivyo kinavyopanda. Hivi vingekuwa vya sabini na nane, viwili tu vingetosha kununua miwani ya mzee."

"Ni vya sabini na nane!" Joyness alipiga kelele.

Bwana Anatoli alimtazama, akatazama kitabu, akatazama kikombe chake. "Nilipoingia vilikuwa na miaka ishirini na kitu. Chai yangu haijapoa, vimefika arobaini na kitu?"

"Joyness," babu aliita taratibu. "Tisini na nane nilikuwa nimeshaacha lori siku nyingi. Huo mwaka umetoka wapi?"

Mjomba Maige alianza kukohoa, ingawa hakuwa anakula kitu. Joyness aliona njia ya kutokea: angeweza kusema mchapaji alikosea, kwani si mgeni mwenyewe amesema wachapaji hukosea? Na babu asingejua. Lakini babu alikuwa amemgeuzia uso, macho yake yasiyosoma yakimtazama kwa imani yote, na Joyness akaona aibu kubwa.

"Niliifunga saba ikawa tisa, guku," alisema, machozi yakimtoka. "Nilitaka vionekane vichanga. Nilijua hutaona."

Bwana Anatoli alikishika kitabu kwenye mwanga wa dirisha. "Kweli, wino wa kalamu. Na bei hii hapa mbele, shilingi mbili na nusu! Mwaka tisini na nane ingenunua nini hiyo? Hata pipi usingepewa." Ghafla akaanza kucheka, akacheka hadi akavua glavu ajifute machozi. "Nimekutana na waongo wengi katika kazi hii. Wote wanazeesha! Wengine wanachovya kurasa kwenye chai, wengine wanazianika juani. Wewe ni wa kwanza kuniletea kitabu kilichorudishwa ujana."

"Nani kakufundisha hayo?" mama aliuliza.

Macho ya Joyness yalimtoroka yakaenda kwa mjomba.

"Mimi nilisema ng'ombe!" Mjomba Maige alijitetea. "Sikusema karatasi!"

Kicheko kilipokwisha, mgeni alivirudisha vitabu mezani. "Samahani, mzee. Nakala iliyochezewa kwa kalamu siwezi kuinunua kwa bei nzuri. Wino huu hautoki bila kuchubua karatasi."

Babu alisimama, akapapasa hadi chumbani, akarudi akiburuta sanduku la bati. "Pacha zake hizi hapa," alisema. "Hizi ndizo nilizotaka kubaki nazo. Hazijaguswa. Chukua hizi."

"Guku, hapana!" Joyness alilia.

"Chukua," babu alirudia.

Bwana Anatoli alivaa tena glavu. "Mzee, nisamehe. Nilikuja nikiwa tayari kuwaamini bila kupekua. Sasa itabidi nikague kila ukurasa."

Akatoa lenzi, akaanza. Alikagua ukurasa mmoja mmoja, huku babu amekaa pembeni kama mtu anayeshukiwa wizi. Babu Mboje, aliyesafirisha pamba ya watu miaka yote bila robota hata moja kupotea, alikuwa akipekuliwa nyumbani kwake. Hakuna aliyecheka tena. Joyness aliona heri achapwe kuliko kumwona babu ameketi vile.

Nakala zilikuwa safi. Bwana Anatoli alilipa bei ya haki, akampa babu mkono, akaondoka na pacha wazuri.

Miwani ilifika kutoka Mwanza kwa basi la asubuhi. Babu aliivaa, akaangalia ukuta, akaangalia kuku uani, akamwangalia Joyness kwa muda. "Kumbe umekua hivi!" alisema. "Wabeja sana, Mungu," akashukuru kwa Kisukuma. Kisha akaketi na moja ya nakala zilizobaki, zile zilizochezewa, akasoma mwenyewe kuanzia mwanzo, akicheka peke yake mpaka kuku wakakimbia. Alipofika mwisho alikigeuza kitabu. Akaitazama ile tisa ya wino kwa makini.

Joyness alikuwa amesimama mlangoni. "Nisamehe, guku. Kila ukikisoma utaiona."

"Nimekusamehe tangu siku ile ulipokiri. Ungesingizia mchapaji ningeamini, maana nilikuwa sioni. Njoo ukae." Babu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Mjomba wako anadhani anawadanganya watu mnadani. Umewahi kuona wanunuzi wanafanyaje akishamaliza kupiga kelele?"

"Wanamfungua ng'ombe mdomo."

"Wanatazama meno. Meno yanasema umri wake, dalali aseme asiseme. Kitabu nacho kina bei yake jaladani, kina pacha wake sandukuni. Ukikisingizia, vitu hivyo vinakitetea. Lakini wewe, mjukuu wangu, mtu akitaka kukujua atakufungua wapi?"

Joyness alijigusa meno kwa kidole.

"Hakuna pa kukufungua," babu alisema. "Ng'ombe ana meno, mtu ana neno. Yule mgeni alipoacha kuamini neno letu, ilibidi anipekue hata mimi ambaye sikukosa. Litunze neno lako, ili asiyeona akikuuliza, apate jibu lile lile analopata anayeona."

"Nimesikia, guku," Joyness alisema. Na kwa kuwa alikuwa amesikia kweli, hakuongeza neno lingine.